Jinsi Nilivyochelewa Kumwoza Zuhura

Jamaa zangu wa Majengo, mmeniuliza Ruiru kulitokea nini, na kila anayeniuliza huwa tayari ana jibu lake mfukoni. Mmoja amesikia nilianguka mtoni. Mwingine amesikia bwana harusi amekufa. Bwana harusi yu hai, na juzi ameagiza suruali mbili. Nimeona heri niandike mara moja, mpokezane karatasi, mimi nipate kushona.

Toka Thika hadi Ruiru ni maili kumi na moja. Treni haimalizi saa moja. Mimi nilitoka Alhamisi asubuhi nikafika Jumamosi. Najua miongoni mwenu wapo waliokwenda Makka na kurudi, na sitaki kujilinganisha nao, ila wao walikuwa na meli.

Thika, Alhamisi asubuhi

Kwa ajili ya wageni watakaosoma haya: mimi ni Rajabu, fundi wa nguo. Baba yetu alitoka Tabora, mama alikuwa Mkikuyu wa Gatundu aliyesilimu. Wote wamekufa. Baba aliniachia cherehani na mdogo wangu Zuhura, na vyote viwili sijawahi kumwachia mtu mwingine avishike. Zuhura ana miaka kumi na tisa, na tangu mwaka jana alikuwa Ruiru akiishi na Shangazi Mwanaisha.

Harusi yake ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Bwana harusi alikuwa Mzee Sefu, mwenye bucha kule Ruiru, mgane, tumelingana naye umri, mtu safi asiyedanganya kwenye mizani. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umebakiwa na siku tatu au nne, na kwetu harusi hazifungwi Ramadhani. Ingepita Ijumaa ile, basi ni kungoja mpaka Idi ipite, na Mzee Sefu alikwisha kusema kwamba miaka miwili ya kujipikia inamtosha.

Mimi ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza. Hakuna walii, hakuna ndoa. Mwalimu Athumani wa Ruiru alikuwa ameniandikia kwa wema kwamba nikishindwa kufika nimpe uwakala kwa barua, aniozeshee yeye. Nikamjibu kwamba Rajabu hashindwi maili kumi na moja.

Asubuhi ile kilima cha Kilimambogo hakikuonekana kabisa. Upande wa milimani mawingu yalikuwa meusi, na upepo uliotoka huko ulikuwa wa baridi hata mbwa walikaa ndani. Siafu walikuwa wameingia kwangu tangu Jumatano, wakapita chini ya cherehani wakaenda zao. Mama Njeri, anayeuza viazi mbele ya kibaraza changu, alinitazama nikifunga kanzu yangu katika kipande cha marikani.

"Fundi, leo usiende," akasema. "Hii mawingu iko na maneno."

"Nina harusi kesho, Mama Njeri."

"Harusi itangoja."

"Haingoji. Jumatatu huenda ikawa Ramadhani."

Ametuuzia viazi Waislamu miaka mingi, anajua mambo yetu. "Basi enda haraka," akasema, akaanza kufunika viazi vyake.

Stesheni

Nilifika stesheni saa mbili na nusu. Treni ilikuwa ya saa tatu. Babu wa stesheni, yaani karani, Mhindi mwembamba mwenye kofia, alikuwa akipiga simu. Nikamngoja amalize.

"Treni iko wapi, babu?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani," akasema, akafunga dirisha taratibu.

Saa nne nikala maandazi mawili. Saa tano nikala mengine mawili. Saa sita yule mama wa maandazi aliniuliza kama nina watoto, nikamwambia sina, akanipa la tano bure kwa huruma. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la stesheni, na abiria walikuwa wamejifunika magunia. Hakuna aliyelalamika. Tulikaa tukitazama reli, nayo reli ikakaa.

Saa saba babu akafungua dirisha. Mti mkubwa ulikuwa umeangukia reli upande wa Makuyu, na mvua huko juu ilikuwa ya mawe.

"Basi treni ni kesho?" nikauliza.

"Kesho ni siku nzuri," akasema. Sijui mpaka leo kama hilo lilikuwa jibu.

Hapo ndipo nilipokutana na Kimani. Alikuwa na lori la viazi, na alikuwa amepita stesheni kuchukua pipa la mafuta ambalo nalo lilikuwa njiani. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye kifua cha ng'ombe dume, na kanisani kwao ndiye anayeongoza nyimbo. Akizungumza na wewe uso kwa uso, watu walioko ng'ambo ya barabara hugeuka.

"Unaenda Ruiru? Panda!" akasema. "Mimi bibi yangu ako huko. Saa tisa tuko Ruiru, tunakunywa chai."

Nilimwamini kwa sababu alisema kwa sauti kubwa. Huo ni udhaifu wangu.

Lori la Kimani

Tulikwenda vizuri hadi mto Ndarugu. Pale maji yalikuwa ya rangi ya kakao na yalikuwa yakigusa mbao za daraja. Kimani akasimamisha lori, akashuka, akayatazama maji, akavua kofia, akaomba. Akavaa kofia, akapanda.

"Daraja ni salama?" nikamuuliza.

"Nimeshaomba," akasema.

Tukavuka. Nilisoma nilichokijua, nikarudia. Baada ya daraja nilitoa pumzi, na wakati huohuo lori likatoka kwenye changarawe, likaingia kwenye udongo mweusi wa Juja. Mnaujua ule udongo. Ukavu wake ni jiwe, ubichi wake ni gundi. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi katikati, na lori likakaa upande mmoja na viazi vikahamia huko.

Kimani alisema suluhisho ni mimi nisimame nje nimpigie kelele aende mbele au nyuma, yeye akiwa kwenye usukani. Nikasimama nje nikapiga kelele. Alikuwa hasikii kwa ajili ya injini, basi nikaongeza. Tulifanya hivyo kwa saa nzima katika manyunyu na baridi, na lori likazidi kushuka. Mwishowe nikagundua kwamba tangu mwanzo alikuwa akifanya alivyotaka mwenyewe.

Kisha upepo ukasimama ghafla, ndege wakanyamaza. Kimani akatoa kichwa nje akasema, "Ngai! Ingia!"

Mawe yakaanza kuanguka. Yale ya kwanza yalikuwa madogo kama maharagwe, tukacheka. Yaliyofuata yalikuwa makubwa kama ndimu, na hatukucheka. Kioo cha mbele kikapasuka toka pembe hadi pembe. Bati la juu ya vichwa vyetu lilikuwa likipigwa kama na watu ishirini wenye nyundo. Kimani alizungumza muda wote, na ni yeye peke yake katika wilaya nzima ambaye angeweza kusikika.

"Huyu bwana harusi ako na bibi wangapi?"

"Hana hata mmoja."

"Na msichana ako na miaka ngapi?"

Nikamwambia. Akapangusa mvuke kwenye kioo.

"Mimi wangu alikataa watu wawili mbele yangu," akasema. "Sijui kwa nini aliniacha nipite. Nilikuwa nimevaa shati ya ndugu yangu."

Nikamwambia kwetu mambo hayo hupangwa na wazee. Akasema kwao pia, lakini mwanamke akikataa kumimina pombe ya posa, wazee wanarudi nyumbani na kiu.

Kambi ya makonge

Mawe yalipokoma ilikuwa kama saa kumi na moja, na nchi yote ilikuwa nyeupe. Nimezaliwa Thika na sijawahi kuona kitu kama hicho. Mashamba ya makonge yalikuwa yamejaa barafu katikati ya mistari, na majani yake magumu, ambayo hayaogopi kitu, yalikuwa yametobolewa. Tuliacha lori, tukatembea hadi kambi ya wafanyakazi iliyokuwa karibu. Viatu vyangu vilikuwa vya harusi.

Mama Wanjiru, mke wa mnyapara, alitupokea bila kutuuliza tumetoka wapi. Alinipa blanketi la mumewe, akanikalisha karibu na moto. Chungu cha githeri kilikuwa kikichemka na harufu yake ilinifanya nimsamehe Kimani nusu ya makosa yake. Mama Wanjiru akachukua bakuli, akaiangalia kofia yangu ya viua, akalirudisha bakuli chini.

"Huyu ni Mwislamu," akamwambia Kimani. "Hawezi kula."

"Mama, ni mahindi na maharagwe," nikasema. "Nala."

"Hapana. Nyinyi mnakula kile mmechinja. Mimi najua. Nilifanya kazi kwa Mwislamu."

Nilijaribu kumweleza kwamba maharagwe hayachinjwi. Akasema nina adabu sana, lakini yeye hatamlaza mgeni na njaa, akatoka nje. Mjue kwamba kuku wake kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa mawe alasiri ile, wamelazwa mstari mmoja mlangoni. Wale kwangu walikuwa nyamafu. Jogoo mmoja tu alikuwa amenusurika, kwa kujificha chini ya toroli. Mama Wanjiru akarudi naye kwapani, akanipa kisu.

"Chinja yako," akasema.

Sasa hapa niseme siri yangu, kwa kuwa mtaisikia tu. Katika miaka arobaini na mitatu sijawahi kuchinja. Nyumbani nanunua kwa mwenye bucha. Damu ikinitoka kidoleni kwa sindano hukaa chini. Nikamtazama jogoo, naye akanitazama, mtu aliyepita katika gharika akaokoka. Kambi nzima ilikuwa imekuja mlangoni kuona Mwislamu akifanya kazi yake.

Nikamgeuza kibla, nikafumba macho, nikasoma bismillahi. Nasema tu kwamba ilichukua muda. Kimani alinishika mkono mwishoni mwishoni, na kama mna masuala ya kisheria kuhusu hilo, nilikwisha kula.

Kambi nzima ilikula wale kumi na mmoja kwa furaha, wakiwa na githeri. Mimi nilikula yule jogoo mmoja peke yangu, mgumu kama soli, na kila nilipopumzika Mama Wanjiru aliniongezea. "Kula, Bwana Fundi. Usione aibu." Githeri sikupewa. Na baada ya yote hayo nililala vizuri kuliko wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimetendewa wema ambao nyumbani kwangu mwenyewe nisingeutenda kwa mtu nisiyemjua.

Kwa miguu, Ijumaa

Niliamka bila sauti. Baridi na kelele za lori vilikuwa vimeichukua yote. Nikafungua mdomo kumshukuru Mama Wanjiru, ikatoka hewa. Alinipa uji wa moto wenye limau na pilipili, ambao ulinitoa machozi, lakini sauti hapana.

Kimani alisema lori litangoja jua, na yeye atanisindikiza hadi Ruiru kwa sababu bibi yake atakuwa anadhani amekufa, na akikawia zaidi atakuwa ameshazoea. Tukaanza safari saa mbili. Zilikuwa zimebaki maili tano. Mawingu yalikuwa yamerudi milimani, na huko radi ilikuwa ikinguruma tena.

Sitawasimulia matope. Yalikuwa matope. Niseme tu kwamba tulikutana na mzungu mmoja amekaa juu ya boneti ya gari lake, akinywa chai ya chupa, akasema "Jambo" kama kwamba sote tumefika tulikotaka. Tulikutana pia na mwanamke aliyebeba kuni, akatuambia, "Mto umekataa watu."

"Umekataa namna gani?" Kimani akamuuliza.

"Enda utaona."

Tulifika ukingo wa mto Ruiru saa nane na nusu. Daraja lilikuwapo, lakini chini ya maji. Tuliweza kuona vichwa vya nguzo zake na gogo kubwa lililokwama katikati. Askari wawili walikuwa wakizuia watu. Daraja la reli nalo lilikuwa limefungwa kwa kuwa tuta la upande wa pili lilikuwa limemeguka. Mto ule, ambao wakati wa kiangazi watoto huruka, sasa ulikuwa na upana wa kama hatua hamsini. Watu wapatao thelathini walikuwa wamekaa upande wetu na zaidi ya hao upande wa pili. Huko ng'ambo niliona paa za Ruiru na moshi wa jikoni.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimetembea, nimechinja, nimenyeshewa mawe, na nilikuwa naiona harusi ya mdogo wangu kwa macho bila kuifikia. Sioni aibu kusema kwamba nililia. Bila sauti, hakuna aliyejua.

Mtoni

Kimani akaniuliza hasa kazi yangu katika harusi hii ni nini. Nikamwandikia matopeni kwa kijiti: niseme maneno tu.

"Maneno?" akasema. "Maneno si inaweza vuka?"

Akasimama ukingoni, akapanua kifua, akaita ng'ambo: aitwe Mwalimu Athumani, walii amefika, amezuiwa na mto. Ng'ombe waliokuwa nyuma yetu walitawanyika. Upande wa pili mtu mmoja akainua mkono, akakimbia.

Baada ya nusu saa walikuja wote. Mwalimu Athumani mbele na mwavuli na kitabu chake. Mzee Sefu katika kanzu nyeupe na koti, amenyooka. Shangazi Mwanaisha, na nyuma yake wanawake kama kumi na watano, na katikati yao Zuhura ndani ya buibui. Nilimjua kwa kusimama kwake. Husimama mguu mmoja umetangulia, kama mama.

Mwalimu aliyasema yake kwa upole, na Shangazi Mwanaisha akayarusha ng'ambo. Sauti ya shangazi yetu mnaijua. Ikiwa Ruiru, watu wa kule Kahawa wanafunga milango. Ilikuwa hivi: inafaa. Mimi nimpe Mwalimu uwakala kwa maneno, mashahidi wawili wasikie, naye amalizie huko pamoja na bwana harusi. Ila maneno yawe yangu.

Nikaonyesha koo langu. Kimani akapaza sauti kwamba mwenye maneno amepoteza sauti, na yeye anaweza kumwazima yake, lakini yeye ni Mkristo wa kubatizwa, je, kuna shida?

Mwalimu Athumani alifunga macho, akafikiri kwa muda mrefu. Kisha Shangazi akaleta jibu: "Mwalimu anasema sauti haina dini!"

Watu wakapiga makofi, Waislamu na Wakikuyu na hata askari.

"Lakini kwanza!" Shangazi akaendelea. "Wewe si baba, ni kaka! Lazima umuulize bibi harusi mwenyewe! Muulize!"

Hili nilikuwa nalijua. Ni jambo la dakika moja. Mnajua desturi yetu: walii huenda pazia lilipo, huuliza kwa sauti ya chini, msichana huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, kwa kuwa mwali ana haya. Wanawake hupiga vigelegele, mambo yakaisha. Nikamnong'oneza Kimani maneno sikioni, naye akayapeleka:

"ZUHURA! KAKA YAKO RAJABU ANAULIZA! AKUOZE KWA MZEE SEFU?"

Zuhura akainamisha kichwa. Akanyamaza. Shangazi akapiga kigelegele, wanawake wakaitikia, Mwalimu akafungua kitabu chake, na mimi nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nayo kifuani tangu Thika.

"Ngoja," Kimani akasema. "Hajajibu."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu kumwambia ndiyo, amejibu.

"Hajasema kitu, Fundi. Mimi nilikuwa naangalia. Labda hii maji imemziba masikio."

Nikamvuta shati. Nikamnong'oneza, vigelegele vikaumeza mnong'ono wangu. Sikumpata mtu wa kumweleza Mkristo wa kanisa la nyimbo, kwa kijiti matopeni, kwamba kwetu mwali akinyamaza ndiyo amesema. Nilikuwa nimeandika "Kuny" alipouzungushia mdomo mikono yote miwili.

"WEE MSICHANA! HAWA WATU WAMEANZA KUSHANGILIA NA WEWE HUJASEMA! UMESIKIA SWALI? UNATAKA HUYU MZEE AMA HUTAKI? SEMA KWA NGUVU, MTO IKO NA KELELE!"

Vigelegele vikakatika. Shangazi Mwanaisha alisimama mkono ukiwa bado mdomoni. Hakuna mwali, tangu Uislamu ulipofika Ruiru, aliyewahi kuulizwa hivyo mbele ya watu na ng'ombe.

Zuhura aliinua kichwa. Akatoka katikati ya wanawake, mtu mmoja akamshika buibui, naye Zuhura akaliachia likabaki mkononi mwa yule mtu. Akaja hadi maji yalipoanza. Nilimwona uso.

"SITAKI!"

Neno lilivuka mto bila kulowa hata kidogo. Kila mtu alilisikia. Kisha, kama kwamba alihofia tusije tukadhani ni upepo, akasema tena, "SITAKI, KAKA! MZEE SEFU SINA UBAYA NAYE, LAKINI SITAKI!"

Kimani akanigeukia, uso umempauka. "Kwani nimeuliza vibaya?"

Nilikuwa na hasira, kwanza na yeye, halafu na mto. Halafu nikaanza kuhesabu. Treni ingekuja saa tatu Alhamisi, ningefika Ruiru kabla ya saa nne. Ijumaa ningeenda pazia lilipo, ningeuliza kwa sauti ya chini, angeinamisha kichwa, tungekula. Ningerudi Thika nikawaambia nyote kwamba harusi ilikuwa nzuri, na kwamba Zuhura ana haya kama ipasavyo.

Mwalimu Athumani alikuwa akinitazama toka ng'ambo, kitabu mkononi, akingoja neno la walii. Thelathini wa upande wangu walikuwa wakinitazama, na wale wa pili pia. Shangazi alikuwa akinifanyia ishara za mikono ambazo sitazieleza. Zuhura hakufanya ishara yoyote. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, maji yamemfika vifundoni, na hakurudi nyuma.

Nikamnong'oneza Kimani. Akaniuliza, "Hakika?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"WALII ANASEMA HAPANA NDOA!" akaita. "ANASEMA MSICHANA ATOKE KWA MAJI, ATASHIKWA NA HOMA!"

Mwalimu akafunga kitabu. Nadhani alichelewa kidogo kukifunga kuliko ilivyohitajika, lakini akakifunga.

Sasa Mzee Sefu. Nimesikia mengi yakisemwa juu yake sokoni na si haki. Alisimama pale katika kanzu yake, kichwa chini, na nilimwonea huruma sana, maana ni mtu mwema na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kisha akamwita Shangazi, akamwambia jambo, Shangazi akakataa kulipeleka, ikabidi aliseme mwenyewe kwa sauti yake ndogo. Lilinifikia vipande vipande.

"Fundi! Mbuzi wawili wamekwisha kuchinjwa! Pilau imeiva! Tufanyeje?"

Nikamfanyia ishara ya kula. Akainua mkono kwamba amesikia. Wakaleta masufuria hapohapo ukingoni kwa sababu nyumbani hakuna aliyetaka kwenda, na watu wote wa upande wa pili, walioalikwa na wasioalikwa, wakala pilau ya harusi ambayo haikuwa harusi. Upepo ulikuwa ukivuma toka kwao kuja kwetu. Kimani na mimi tulikuwa na viazi viwili, vibichi.

Ruiru, Jumamosi

Alfajiri maji yalishuka, na kabla ya saa tatu askari walituruhusu kupita mmoja mmoja. Kimani alikwenda kwa bibi yake, ambaye nasikia alimuuliza kwa nini amechelewa na viazi viko wapi. Mimi nikaenda kwa Shangazi Mwanaisha.

Shangazi hakunijibu salamu. Alinimiminia chai, akaiweka mbele yangu kwa kishindo, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Zuhura alikuwa uani amekaa juu ya kigoda, mzigo wake umefungwa kando yake. Macho yalikuwa yamevimba. Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Umeniaibisha mbele ya miji miwili," nikamwambia.

"Naam, kaka."

"Kama hukutaka, kwa nini hukuniambia mapema? Nimekuja hapa mara tatu tangu posa!"

Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinijibu kama mtu anayemkumbusha mwenziwe alipoacha funguo.

"Mara tatu, kweli," akasema. "Mara ya kwanza ulinipima nguo ya harusi. Mara ya pili ukaja kunipima tena, ukasema umepoteza karatasi. Mara ya tatu ukaleta nguo. Uliniuliza mikono iwe mirefu au mifupi, nikakuambia mirefu, ukashona mirefu. Hukuniuliza lingine, kaka."